Aliyesema Kweli Akafungiwa Soko

Mwishoni mwa mwaka 1997 mvua za El Niño ziliishukia Afrika Mashariki wiki hadi wiki. Vyoo vya shimo vilifurika, visima vikaingiwa na maji machafu, barabara zikakatika, na kipindupindu kilichokuwa kimeshaanza kikapata pa kupita. Tanzania peke yake iliandikisha wagonjwa wapatao 40,000 mwaka huo, na zaidi ya 2,000 kati yao walifariki. Kenya, Uganda na Msumbiji zilikuwa kwenye msiba huohuo. Serikali hizo zilitoa taarifa kwa Shirika la Afya Duniani huko Geneva, kama zilivyotakiwa na Kanuni za Afya za Kimataifa za wakati ule. Kipindupindu kilikuwa miongoni mwa maradhi matatu tu, pamoja na tauni na homa ya manjano, ambayo nchi ililazimika kuyatangaza.

Jibu lilitoka Brussels tarehe 23 Desemba, siku mbili kabla ya Krismasi. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku samaki wabichi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji, na waliogandishwa wakawekewa masharti ya kupimwa.

Ili kuelewa uzito wa amri ile, mtu asimame mwaloni asubuhi, iwe Mwanza, Musoma au Kisumu. Sangara aliyevuliwa usiku hupakiwa kwenye boti la kukusanya lenye barafu, hufikishwa kiwandani, hupimwa kwenye mizani, hukatwa minofu, na minofu hiyo hupanda ndege ikiwa mbichi ili ifike sokoni Ulaya ndani ya siku chache. Mlolongo wote huo hauna pa kusubiria. Siku kiwanda kinapoacha kununua, wakala haleti barafu. Wakala asipoleta barafu, mvuvi hana wa kumuuzia isipokuwa jirani zake, na jirani zake nao wana samaki. Tena wavuvi wengi huchukua nyavu na injini kwa mkopo kutoka kwa mawakala haohao, kwa ahadi ya kulipa kidogokidogo kwa samaki watakaowaletea. Samaki walikosa soko, deni likabaki palepale.

Nyuma ya kiwanda kuna watu ambao hawamo kwenye hesabu ya mauzo ya nje. Minofu ikishatolewa, hubaki kichwa na mifupa yenye nyama kidogo, yaani mapanki. Kina mama huyanunua, huyakausha au kuyakaanga, kisha huwauzia watu wasiomudu samaki mzima. Minofu isipokatwa, mapanki hayapo. Amri iliyoandikwa kumlinda mlaji wa Ulaya ilifika hadi kwenye karai la mama huyu, ambaye hajawahi kuuza hata kipande kimoja nje ya mtaa wake, na ikamkosesha chakula mnunuzi wake ambaye ni maskini kuliko yeye.

Je, hatari ilikuwapo? Kipindupindu huenezwa na maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha mgonjwa, na vijidudu vyake hufa chakula kikipikwa sawasawa. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba halikuwa na kumbukumbu ya mlipuko wowote mkubwa uliotokana na chakula kilichoingizwa kibiashara, na kwamba kufunga biashara hakukuwa njia inayofaa. Suala lilifikishwa mpaka Shirika la Biashara Duniani. Kanuni zenyewe za wakati ule zilikuwa zimeweka kikomo cha hatua ambazo nchi ingeweza kuichukulia nchi nyingine kwenye safari na biashara. Marufuku ikaondolewa katikati ya mwaka 1998, baada ya miezi sita. Aliyeiweka hakuulizwa kitu, na mvuvi hakulipwa fidia.

Nchi nne zilisema kweli zikafungiwa soko. Kila ofisa wa wizara ya afya aliyekuwa kazini miezi ile aliona jambo hilo kwa macho yake. Akiletewa baadaye taarifa ya watu wanaoharisha maji kama ya mchele, alikuwa na sababu ya kusita kabla ya kuituma nje, kwa maana nyuma yake kuna waziri wa biashara, waziri wa utalii na wenye viwanda, na kila mmoja wao anakumbuka.

Na si Afrika Mashariki tu. Peru ilitangaza kipindupindu Januari 1991, na hasara yake katika biashara na utalii ikakadiriwa kufikia dola milioni 770. India ilitangaza tauni katika mji wa Surat Septemba 1994. Waliokufa hawakufika 60, lakini mashirika ya ndege yalikatisha safari, bidhaa za India zikakataliwa bandarini, na hasara ikakadiriwa kukaribia dola bilioni mbili. Waliokuwa wakitazama walijifunza. Kwa miaka mingi Ethiopia na Sudan ziliripoti milipuko ya kuhara maji kwa ghafla bila kulitaja jina la kipindupindu, hata pale madaktari waliokuwa wodini walipojua wanachokitibu.

Wahenga wametuachia usemi kwamba mficha maradhi kilio humfichua, na viongozi wa afya hawauachi midomoni kila mlipuko unapofichwa. Ni usemi wa kweli, ila humkemea mgonjwa peke yake. Haumuulizi jirani aliyemfukuza kisimani mgonjwa wa kwanza aliyejitokeza. Anayetaka nchi zitii mikataba ya magonjwa aanze na jirani huyo, kwa sababu yeye ndiye anayewafundisha wengine kunyamaza.

Dunia ilijaribu kulirekebisha jambo hili. Ugonjwa wa SARS ulianza Guangdong, China, Novemba 2002, ukakaliwa kimya kwa miezi, kisha ukaingia kwenye hoteli na ndege na kuambukiza zaidi ya watu 8,000 duniani, 774 wakafa. Baada ya fedheha ile nchi zilikaa zikaziandika upya Kanuni za Afya za Kimataifa. Zilipitishwa mwaka 2005 na kuanza kutumika tarehe 15 Juni 2007, na nchi 196 zimefungwa nazo. Orodha ya maradhi matatu ilifutwa. Badala yake, tukio lolote linaloweza kuwa dharura ya kimataifa sharti litolewe taarifa ndani ya saa 24 baada ya kutathminiwa. Shirika la Afya Duniani lilipewa ruhusa ya kusikiliza habari kutoka kwa watu wengine pia, si serikali pekee, na kuitaka serikali ithibitishe. Upande wa pili, nchi inayotaka kufunga mpaka au kuzuia bidhaa kupita kiwango kilichoshauriwa inapaswa kuwa na ushahidi wa kisayansi, na kueleza sababu zake ndani ya saa 48.

Hayo ni mapatano ya kiungwana: mimi nitasema upesi, nawe hutaniumiza bila sababu. Kasoro iko kwenye utekelezaji. Mwaka 2011 kamati iliyoongozwa na Harvey Fineberg ilizipitia Kanuni hizo na kusema kwamba udhaifu wake mkubwa wa kimuundo ni kukosa adhabu inayoweza kutekelezwa. Wengi huyasoma maneno hayo wakiifikiria nchi inayoficha ugonjwa. Mimi nayasoma nikimfikiria zaidi anayefunga mpaka, maana ndiye anayevunja Kanuni mchana kweupe, mbele ya waandishi wa habari, na wapiga kura wake wakampongeza.

Hapa na sisi tujitazame. Mwaka 2014, Ebola ilipokuwa ikiua Guinea, Liberia na Sierra Leone, Shirika la Afya Duniani lilishauri waziwazi kwamba safari zisifungwe. Jopo la Barbara Stocking lililochunguza mwenendo wa janga lile lilikuta kwamba karibu robo ya nchi wanachama ziliweka vizuizi ambavyo havikushauriwa. Kenya ilikuwa mojawapo. Agosti mwaka ule ilizuia wasafiri kutoka nchi hizo tatu, na ndege za Kenya Airways zikaacha kutua Freetown na Monrovia. Nchi iliyolia kwa uchungu minofu yake ilipokataliwa Ulaya, miaka 16 baadaye iliwafungia mlango Waafrika wenzake kwa hofu ileile na kinyume cha ushauri wa shirika lilelile. Silitaji jambo hili kuisuta Kenya peke yake. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba kuonewa hakumfundishi mtu haki, na kwamba serikali yoyote yenye wananchi walioingiwa na hofu itafunga mpaka isipokuwepo gharama ya kufanya hivyo.

Kisa cha Novemba 2021 ndicho kilichonitia uchungu kuliko vyote, kwa sababu wahusika walifanya kila kitu sawasawa. Wataalamu wa Botswana na Afrika Kusini, wakisoma vinasaba vya virusi vya korona, waliona aina mpya yenye mabadiliko mengi kupita kiasi. Tarehe 24 Novemba Afrika Kusini ililitaarifu Shirika la Afya Duniani. Siku iliyofuata Profesa Tulio de Oliveira na Waziri wa Afya Joe Phaahla walikaa mbele ya waandishi wa habari na kueleza wanachokijua na wasichokijua, huku sampuli nyingine zikiendelea kusomwa maabara. Kama kuna mahali ambapo Kanuni za 2005 ziliheshimiwa kwa ukamilifu, ni pale.

Usiku uleule Uingereza ilitangaza kuziingiza nchi sita za kusini mwa Afrika kwenye orodha nyekundu. Tarehe 26, siku virusi hivyo vilipopewa jina la Omicron, nchi za Umoja wa Ulaya nazo zikafunga. Marekani ilizizuia nchi nane kuanzia tarehe 29, zikiwemo zilizokuwa hazijagundua hata mgonjwa mmoja wa aina hiyo, kama Malawi. Muda si mrefu Uholanzi ikabaini kwamba Omicron ilikuwamo kwenye sampuli zilizochukuliwa nchini mwake tarehe 19 na 23 Novemba, yaani kabla Afrika Kusini haijasema neno. Marekani haikuifungia Uholanzi. Pretoria ilisema kwamba inaadhibiwa kwa kuwa na maabara nzuri, na Rais Cyril Ramaphosa akalihutubia taifa tarehe 28 akitaka vizuizi viondolewe kwa kuwa havina msingi wa kisayansi.

Kuna jambo moja dogo ndani ya kisa hiki ambalo halitajwi sana. Maabara zinazosoma vinasaba hutumia kemikali zinazoletwa kwa ndege kutoka ng'ambo, na haziwezi kurundikwa stoo kwa miaka. Ndege zilipositishwa, de Oliveira alieleza hofu kwamba kemikali hizo zingewaishia. Vizuizi vilivyowekwa kwa jina la usalama wa afya vilikuwa karibu kulifumba jicho lililoiona hatari kwanza, tena kwa niaba ya dunia nzima.

Tarehe 29 Novemba 2021, siku vizuizi vya Marekani vilipoanza, Geneva palifunguliwa kikao maalumu cha Baraza la Afya Duniani ili kuanzisha mazungumzo ya mkataba mpya wa majanga ya magonjwa. Wajumbe wa Afrika waliingia kwenye kikao kile wakiwa na jeraha bichi. Aliyekuja kuwa mwenyekiti mwenza wa mazungumzo hayo, Precious Matsoso, ni raia wa Afrika Kusini.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimesema nusu ya ukweli, kwa sababu hofu ya kufungiwa soko haielezi kila kimya. Septemba 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya wazi, jambo ambalo ni nadra, likilalamika kwamba halijapewa maelezo kamili kuhusu mgonjwa aliyefariki Dar es Salaam akishukiwa kuwa na Ebola. Serikali ya Tanzania ilikana kuwepo kwa ugonjwa huo. Mwaka uliofuata ikaja korona. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Arusha tarehe 16 Machi 2020, na kwa wiki sita takwimu zilitolewa. Baada ya tarehe 29 Aprili zikakoma, hesabu ikiwa imesimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Tarehe 3 Mei Rais John Magufuli alisema sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa kwa siri maabara ya taifa na baadhi zikaonekana kuwa na virusi. Juni akatangaza kwamba nchi imeshaushinda ugonjwa. Geneva iliandika na kusihi. Februari 2021 Mkurugenzi Mkuu Tedros Adhanom Ghebreyesus aliitaka tena Tanzania itoe takwimu na ijiandae kwa chanjo. Hakuna kilichobadilika.

Burundi ilikwenda mbali zaidi. Mei 2020, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, ilimfukuza mwakilishi wa Shirika la Afya Duniani pamoja na wenzake. Kanuni hazina askari wala mahakama ya kuwafuata wanaofanya hivyo.

Bei ya kimya kile haikulipwa na waliokiamua pekee. Tarehe 16 Mei 2020 Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania isipokuwa kwa shehena, na madereva wa malori wakatakiwa kupimwa. Pale Namanga foleni ikanyooka. Dereva alilala chini ya lori au juu ya kiti chake, akapika pembeni ya barabara, akasubiri majibu kwa siku kadhaa huku nyanya na vitunguu vikiharibika chini ya turubai. Upande wa Arusha ukasema vipimo vya Kenya si vya kweli, na upande wa Kenya ukamkataa dereva asiye na cheti chake. Agosti mgogoro ukapanda angani: Kenya iliiacha Tanzania nje ya orodha ya nchi ambazo wasafiri wake wangeingia bila karantini, nayo Tanzania ikaipiga marufuku Kenya Airways hadi Septemba. Marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikuwa wamekutana kwa njia ya video tarehe 12 Mei kuzungumzia namna ya kushirikiana. Tanzania na Burundi hazikuwapo.

Kilichobadilisha mwenendo wa Tanzania hakikuwa kifungu chochote cha Kanuni. Ni mabadiliko ya uongozi. Aprili 2021, wiki chache baada ya kuapishwa, Rais Samia Suluhu Hassan alisema ataunda kamati ya wataalamu. Julai zikapokelewa dozi 1,058,400 za chanjo, naye akachanjwa hadharani tarehe 28. Nchi ikarudi mezani kwa hiari yake, kama ilivyoondoka kwa hiari yake, na katikati ya safari hizo mbili tumewazika watu ambao vifo vyao havikuandikwa mahali popote kwa sababu halisi iliyowaua. Kwa familia zao jambo hili halijaisha.

Ndiyo maana naamini kwamba adhabu peke yake isingetosha, wala malipo peke yake yasingetosha. Kiongozi aliyekwisha kuamua kwamba ugonjwa haupo hatishwi na barua kutoka Geneva. Hata hivyo viongozi wa aina hiyo ni wachache. Wengi wako katikati: wanapiga hesabu, wanasikiliza washauri wawili wanaovutana, mmoja akisema tutangaze leo, mwingine akisema tusubiri kipimo cha pili. Hao ndio mkataba mzuri unaoweza kuwavuta. Na hapa kwetu tumeona pande zote mbili za hesabu hiyo, kwa ugonjwa mmoja, katika muda usiozidi miezi minne.

Rwanda ilitangaza homa ya Marburg tarehe 27 Septemba 2024. Wengi wa waliougua walikuwa wahudumu wa afya, watu waliogusa wagonjwa bila kujua wanachogusa. Waziri wa Afya Sabin Nsanzimana alikuwa akijibu maswali ya waandishi hadharani mara kwa mara. Tarehe 5 Oktoba, siku nane tu baada ya tangazo, chanjo ya majaribio ilikuwa imewasili Kigali, na kesho yake ikaanza kutolewa kwa walio hatarini zaidi. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 20 Desemba, wagonjwa wakiwa 66 na waliokufa 15, kiwango cha chini sana kwa ugonjwa ambao katika milipuko mingine umewahi kuua zaidi ya nane katika kila wagonjwa kumi. Hata hivyo Oktoba ileile Marekani iliwashauri raia wake wafikirie upya safari za Rwanda, na Jean Kaseya, mkuu wa Africa CDC, kituo cha Afrika cha kudhibiti magonjwa, akapinga kwa sauti kubwa kwamba nchi iliyosema mapema isitendewe hivyo.

Januari 2025 zamu ikawa ya Kagera, Tanzania. Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani lilisema kuna watu tisa wanaoshukiwa kuugua Marburg, wanane kati yao wakiwa wamekufa. Wizara ya Afya ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha ugonjwa huo. Tarehe 20, akiwa Dodoma pamoja na Dkt. Tedros, Rais Samia akatangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitishwa wilayani Biharamulo. Mpaka mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa kumi, wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa. Wote kumi walikufa. Idadi ni ndogo, na mazingira ya Biharamulo si ya Kigali, kwa hiyo sitasema kwamba siku sita zile ndizo zilizowaua. Nasema kwamba Kigali mgonjwa alimpata daktari anayejua anachokitafuta, wakati Biharamulo wengi walitambuliwa wakiwa wameshazikwa. Na nasema kwamba Rais kusimama na kutangaza mbele ya kamera, baada ya wizara yake kukana, ni kitendo kilichohitaji ujasiri na kilistahili kupokewa vizuri na wanunuzi wetu, watalii wetu na majirani zetu.

Basi mkataba mpya unasemaje? Ulipitishwa na Baraza la Afya Duniani tarehe 20 Mei 2025, baada ya nchi 124 kuupigia kura ya ndiyo kwenye kamati, 11 zikijizuia, bila hata moja kuupinga. Marekani haikuwapo, kwani Januari mwaka huo ilikuwa imeshatangaza kujitoa kwenye Shirika la Afya Duniani. Mkataba unatamka kwamba shirika hilo halina mamlaka ya kuamuru nchi ifunge mipaka, iwachanje watu wake au kuwafungia ndani. Hauna adhabu. Kamati ya utekelezaji iliyoundwa kwenye marekebisho ya Kanuni, ambayo yalianza kutumika tarehe 19 Septemba 2025, nayo imekatazwa kuwa ya kuadhibu. Wanaotamani meno watavunjika moyo.

Kitu cha thamani kiko kwenye sehemu ya kugawana. Nchi itakayotoa haraka sampuli za vijidudu na taarifa za vinasaba itegemee kwamba viwanda vitakavyojiunga na mfumo huo vitatenga asilimia 20 ya chanjo, dawa na vipimo vinavyozalisha wakati wa janga, angalau nusu yake ikiwa msaada na inayobaki kwa bei nafuu, vigawiwe kwa mahitaji. Wazo hilo lilizaliwa kwa ugomvi. Mwaka 2007 Indonesia, chini ya Waziri Siti Fadilah Supari, iligoma kutuma sampuli za mafua ya ndege kwa sababu ilikuwa ikizitoa bure kisha inauziwa chanjo kwa bei isiyoimudu. Wakubwa walikasirika sana, lakini mgomo ule ndio uliozaa utaratibu wa mwaka 2011 wa kugawana virusi vya mafua na faida zake. Mkataba ulipopitishwa, kiambatisho chenye masharti yenyewe ya mgao kiliachwa kijadiliwe baadaye, na bila kiambatisho hicho hauwezi kufunguliwa kwa saini, sembuse kuridhiwa na nchi 60 zinazohitajika ili uanze kutumika.

Hata kikikamilika, kuna shimo moja ambalo hakitalifunika. Asilimia 20 ya chanjo ni malipo ya sampuli. Hasara ya soko haina malipo. Nchi itakayotangaza ugonjwa leo na kupoteza watalii wake kesho haina pa kupeleka ankara. Benki ya Dunia iliwahi kubuni mfuko wa dharura za majanga, uliotumia fedha za wawekezaji na bima. Ebola ilipozuka Kivu Kaskazini na Ituri, nchini Kongo, Agosti 2018, watu wa Beni na Butembo walikufa mmoja baada ya mwingine hadi kufikia 2,287, na fungu la bima la mfuko ule halikutoa kitu, kwa sababu sharti lilikuwa wafe angalau watu 20 katika nchi ya pili. Yaani Kongo ingelipwa kama ingeshindwa kuuzuia ugonjwa usienee ng'ambo ya mpaka. Kwa kuwa wahudumu wake, baadhi yao wakiuawa kazini, waliuzuia usienee huko, fungu lile likabaki limefungwa. Mfuko ulikwisha kimyakimya baada ya korona. Sijui njia bora zaidi ya kumfundisha waziri wa fedha kwamba kutangaza mapema hakulipi.

Kinachohitajika ni kinyume chake: fedha zinazotoka kwa sababu nchi imetangaza, siku ileile, kabla ya kuhesabu maiti, na zinazoongezeka pale majirani wanapoweka vizuizi visivyo na ushahidi. Hilo litachukua miaka kulipata Geneva, kwani wenye fedha hawalipendi. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki haina haja ya kuisubiri Geneva kwa yale yaliyo mikononi mwake. Mwaka 2020 iliwapa wanachama wake maabara tisa zinazohamishika na kubuni mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia madereva na shehena, ili kipimo cha nchi moja kitambulike nchi nyingine. Vilikuja malori yakiwa yameshapanga foleni na maneno makali yakiwa yameshasemwa. Makubaliano ya kutambua vipimo vya mwenzako, na ya kutofunga mpaka bila kumweleza sababu ndani ya saa 48, yasainiwe sasa hivi, wakati wodi ziko tupu na mawaziri wa Nairobi, Kigali, Gitega na Dodoma wanapokea simu za wenzao.